Tuanze na Chungu cha Maharage: Kuhama kutoka Mkaa hadi Nishati Safi ya Kupikia

Katika nyumba nyingi za mijini hapa Tanzania, mkaa hununuliwa kidogo kidogo: kopo la asubuhi, kopo la jioni, na pengine gunia mwisho wa mwezi fedha zinaporuhusu. Kwa kuwa kila malipo ni madogo, ni wachache wanaoyajumlisha. Msitu nao hupungua kwa namna hiyo hiyo. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Nao usemi huo ni kweli kwa mti ulio porini kama ulivyo kweli kwa fedha iliyo mfukoni.

Makala haya yanaeleza namna kaya ya kipato cha kawaida inavyoweza kupunguza matumizi ya mkaa hatua kwa hatua, bila kununua vifaa vingi kwa mkupuo na bila kuacha vyakula ilivyovizoea. Shauri letu kuu ni hili: kabla ya kuuliza jiko lipi ni bora, jiulize kwanza ni chakula kipi kinachokula mkaa mwingi zaidi nyumbani mwako.

Mkaa, maji na umeme

Mkaa unaochomwa kwa tanuri la asili la udongo hupoteza sehemu kubwa ya mti. Ili kupata kilo moja ya mkaa, huhitajika takriban kilo sita hadi kumi za kuni. Hasara hiyo haionekani sokoni, kwa kuwa mnunuzi hukuta gunia tu.

Mkazi wa Dar es Salaam hunywa maji yatokayo kwa kiasi kikubwa katika Mto Ruvu, ambao vyanzo vyake vimo katika milima ya Uluguru. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, hutegemea Mto Rufiji, unaolishwa na Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Msitu unapofyekwa, mvua hukosa kizuizi: maji hushuka kwa kasi, hubeba udongo, na mito hukauka mapema kiangazi. Kwa hiyo jiko, bomba na swichi ya taa ni vitu vya familia moja.

Afya nayo imo katika hesabu hii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani vilihusika na vifo milioni 3.2 duniani. Wanaoivuta zaidi ni wapishi na watoto wadogo wanaokaa karibu nao.

Chakula kipi kinakula mkaa?

Kwa siku tatu, andika kila chakula unachopika na muda kinaokaa motoni. Katika nyumba nyingi orodha itaonyesha jambo moja: chai, mayai na mboga za majani huchukua dakika chache, bali maharage, makande, nyama ngumu na supu ya makongoro hukaa motoni saa mbili, tatu au zaidi. Hivyo ndivyo vinavyomaliza gunia.

Ukihamisha vyakula hivyo vichache tu kwenye nishati nyingine, utakuwa umepunguza sehemu kubwa ya mkaa wako, hata kama ugali na samaki wa kuchoma vitabaki kwenye jiko la zamani kwa muda. Kaya nyingi zilizofanikiwa kuhama hazikuhama kwa siku moja.

Hesabu ya mlo mmoja

Presha kuka ya umeme huogopwa kwa sababu mbili: bei yake dukani, na hofu kwamba italamba umeme. Hofu ya pili unaweza kuipima mwenyewe. Zima vifaa vingine, soma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, pika maharage, kisha soma tena. Tofauti ya namba hizo, ukiizidisha kwa bei ya uniti moja, ndiyo gharama ya chungu hicho. Kwa kawaida chungu cha maharage hutumia takriban nusu uniti au pungufu, kwa kuwa chombo hicho hufungwa barabara, huhifadhi joto na hujizima chenyewe.

Tuchukue mfano kwa bei za kukadiria tu. Wewe weka bei za mtaani kwako. Ikiwa chungu kimoja cha maharage hutumia mkaa wa shilingi 1,500, na kwa umeme hutumia nusu uniti kwa bei ya shilingi 360 kwa uniti, gharama hushuka hadi shilingi 180. Umeokoa shilingi 1,320. Kifaa kilichonunuliwa kwa shilingi 150,000 kitarudisha fedha yake kwa wiki 57 ukikitumia mara mbili kwa wiki, na kwa wiki 23 ukikitumia mara tano. Fundisho ni kwamba kifaa kinachotumika mara chache ni ghali hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Ukiwa katika kundi la wateja wa matumizi madogo, hakikisha kwamba matumizi mapya hayakuvushi kikomo cha uniti za mwezi, maana zinazozidi hutozwa bei ya juu zaidi. Nusu uniti kwa siku ni uniti 15 kwa mwezi. Ulizia kundi lako na bei zake kabla ya kununua kifaa.

Dukani, tafuta alama ya ubora ya TBS, dai stakabadhi na dhamana iliyoandikwa, na uliza kama kanda ya mpira ya mfuniko hupatikana kama kipuri. Usimruhusu fundi kuondoa vali ya usalama kwa sababu yoyote.

Ukichagua gesi

Mtungi wa gesi huuzwa kwa uzito, kwa hiyo mizani ni ulinzi wako wa kwanza. Kwenye mtungi umeandikwa uzito wa mtungi mtupu. Ujumlishe na uzito wa gesi unayonunua: mtungi mtupu wa kilo 7.5 ukitiwa gesi ya kilo 6 unapaswa kusoma kilo 13.5. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani. Omba mtungi upimwe mbele yako, na uangalie kama lakiri haijaguswa.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini badala ya kupaa. Weka mtungi wima, mahali penye hewa, mbali na moto. Baada ya kufunga rigyuleta, paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi wala kuwasha kiberiti.

Ukiendelea na mkaa

Wapo watakaoendelea na mkaa kwa muda, nao hawana sababu ya kuona aibu. Jiko banifu lenye kuta za udongo hupunguza mkaa kwa kuzuia joto lisipotee. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema. Chungu kilichokwisha kuchemka vizuri kinaweza kufunikwa ndani ya kikapu kilichotandikwa nguo nzito, kikaendelea kuiva bila moto.

Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba, hata kama halitoi moshi tena. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hawezi kuitambua.

Inapowezekana, nunua mkaa uliovunwa kwa kibali. Katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, vijiji kadhaa vimetenga sehemu ya misitu yao ivunwe kwa vipande na kwa zamu, katika mzunguko wa miaka 24. Miti ya miombo huchipua tena kutoka kwenye visiki, nayo mapato yamesaidia huduma za kijiji. Mfano huo unatukumbusha kuwa mchoma mkaa naye ana familia, na mabadiliko yanayodumu ni yale yanayompa njia ya kuishi.

Haki zako

Ukiuziwa mtungi uliopungua au kifaa kibovu, tunza stakabadhi na uanze kwa kumlalamikia muuzaji. Asipokusikiliza, masuala ya mizani na uzito hupelekwa Wakala wa Vipimo. Ya huduma za umeme na gesi hupelekwa EWURA. Ya bidhaa bandia na udanganyifu wa kibiashara hupelekwa Tume ya Ushindani. Lalamiko moja lililoandikwa vizuri huwalinda wanunuzi wengine wengi.

Jiko la mwaka 2034

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo lisipoonekana jikoni litabaki namba kwenye karatasi. Tulione, basi, katika nyumba ya kawaida: maharage yanaiva huku mama na baba wakifanya shughuli nyingine, ukuta wa jiko hauna masizi, mtoto anasoma mezani bila kukohoa, na fedha iliyokuwa ikiishia kwenye makopo ya mkaa imenunua madaftari. Huko Uluguru, visiki vilivyoachwa vimekuwa miti tena, na Ruvu bado ina maji mwezi wa Oktoba.

Hakuna kitu katika picha hiyo kinachosubiri uvumbuzi mpya. Vifaa vipo na hesabu yake ni ya kujumlisha na kutoa. Serikali ina wajibu wa kusimamia bei, ubora na upatikanaji. Mlaji ana haki ya kuudai wajibu huo. Wiki hii, anza na sehemu iliyo mikononi mwako: andika ni kiasi gani cha mkaa kinachomalizwa na chungu kimoja cha maharage. Namba hiyo ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia.