Sikio la Yule Bibi Kizee

Ndugu msikilizaji, na wewe utakayeyasoma haya gazetini, kama ulizaliwa Usukumani, au uliwahi kulala huko usiku mmoja penye watoto, hadithi ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we huna haja ya kufundishwa. Hata hivyo nitaisimulia kwa kifupi, kwa sababu ndani yake kuna mtu mmoja ambaye aghalabu tunampita haraka.

Shing'weng'we alimeza watu wote pamoja na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya makapi. Akazaa mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa, yaani mwenye akili, aelewaye upesi. Mtoto alipopata fahamu akauliza, "Mama, watu wengine wako wapi?" Akaambiwa wamo tumboni mwa Shing'weng'we. Basi akaanza kuwinda. Mara ya kwanza akarudi na panzi, akidhani amekwisha liua zimwi. Mama akamwambia, huyo ni panzi tu, mwanangu. Akaleta ndege, akaleta swala, na kila mara jibu likawa lile lile. Mwishowe akakutana na zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka, baba yake akiwa miongoni mwao.

Sasa tega sikio hapa. Kisu kilipokuwa kikipasua, kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo tumboni. Yule bibi akakasirika, akamtukana kijana, na inasemekana akataka hata kumroga. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamtibu, sikio likapona. Baada ya hapo ndipo watu wakamfanya kuwa mtemi wao, na mama yake akapewa heshima ya mama wa mtemi.

Nilipokuwa mtoto nilimchukia sana yule bibi. Nilimwona hana shukrani: ameokolewa kutoka tumboni mwa zimwi, naye anataka kumroga aliyemwokoa! Bibi yangu mzaa mama, aliyetusimulia hadithi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, hakuwahi kuniunga mkono. Alikuwa akiuliza tu, "Na wewe ukikatwa sikio?" Wakati ule nilidhani ananitania.

Siku hizi katika nchi nyingi wako wasomi na watunzi wanaozirudia hadithi za kale ili kuwatazama upya wale wanawake wabaya waliomo: wachawi, mama wa kambo, wake wasaliti. Wengine wanapita kiasi, wakataka kila mchawi wa hadithini ageuke malaika. Sikubaliani nao. Lakini swali lao la kwanza ni la haki kabisa, nalo ni lile lile la bibi yangu: huyu mama alifanywa nini kabla hajakasirika?

Chukua mfano wa jirani zetu. Waganda husimulia habari za Kintu na mkewe Nambi, walioshuka kutoka mbinguni na kuonywa wasirudi nyuma kwa lolote, ili kaka yake Nambi aitwaye Walumbe, yaani kifo, asije akawafuata. Mtama wa kulishia kuku ukasahauliwa, ukarudiwa, na kifo kikaja duniani. Wengi husema aliyerudi ni Nambi. Lakini wako wanaosimulia kwamba aliyerudi ni Kintu mwenyewe, na ajabu ni kwamba hata kwa simulizi hiyo lawama bado humwangukia Nambi, ati ndiye aliyeusahau mtama! Wajaluo nao wana Lwanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe, mpaka mke aliyeletewa kutoka kwa maadui alipogundua kwamba nguvu zake zimo kivulini. Kwa Wajaluo mwanamke huyo ni nyoka. Kule kwa ndugu zake, binti aliyetumwa peke yake katika nyumba ya adui akarudi na siri ya vita angeitwa nani?

Hayo ni mazungumzo ya jioni, na yangeweza kuishia hapo. Kwetu Shinyanga na Geita hayaishii hapo, kwa sababu yule bibi kizee wa hadithi alitoka hadithini akaingia vijijini.

Mtaalamu wa elimu-jamii Simeon Mesaki, aliyeyachunguza mauaji haya kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba tangu 1970 hadi 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake, na karibu theluthi mbili ya vifo hivyo vilitokea Usukumani, yaani katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati ule, kabla Geita haijawa mkoa mwaka 2012. Magazeti yakazoea kuandika "mauaji ya vikongwe" kama yanavyoandika "mavuno ya pamba". Na mambo hayakukoma katika miaka hiyo. Hata mwanzoni mwa miaka ya 2010 watetezi wa haki za binadamu nchini walikuwa wakihesabu mamia ya watu kwa mwaka.

Alama iliyowaponza wengi ni macho mekundu. Mwanamke mzee mwenye macho mekundu alisemwa kuwa halali usiku, kwamba anazunguka amepanda fisi. Sasa tuyatazame macho hayo kwa utulivu. Shinyanga ilikuwa nchi ya misitu ya miombo na migunga. Wakati wa ukoloni miti ilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kuwafukuza mbung'o, kisha yakaja mashamba ya pamba, na ng'ombe wakaongezeka. Hali ikawa mbaya hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, kuwarudisha watu kwenye desturi yao ya ngitili ya kutunza malisho na miti. Katika nchi isiyo na kuni mwanamke hupikia nini? Hupikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, asubuhi na jioni, kwa miaka 50. Ongeza ugonjwa wa vikope, ambao huwashika zaidi wanawake kwa kuwa wao ndio wakaao na watoto. Macho mekundu ya bibi yangu yalitokana na ugali tuliokula sisi.

Wale waliokwenda Magu na kwingineko Usukumani kuanzia 1999, shirika la HelpAge na vyama vya wenyeji, walilielewa hilo. Pamoja na kuwakalisha watu mikutanoni, walihimiza majiko ya kupunguza moshi. Mtu aweza kucheka: jiko na uchawi wapi na wapi? Lakini mimi naona hiyo ndiyo dawa ya sikio. Masala Kulangwa hakumhutubia yule bibi kuhusu shukrani.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba ni moshi tu. Wazee wenye macho mekundu walikuwako tangu zamani, na hawakuwa wakikatwa mapanga. Mesaki na wengine wanatukumbusha operesheni ya vijiji ya 1974, ilipowahamisha watu kutoka miji yao iliyotawanyika na kuwabananisha na majirani wasiowachagua. Mtoto akifa kwa malaria au ng'ombe wakiteketea, wa kushukiwa yuko hapo hapo, umbali wa hatua chache. Mfiwa huenda kwa mpiga ramli. Huyo kwa kawaida hatamki jina. Humpasua kuku, hutazama matumbo yake, kisha hueleza: mwanamke, mzee, jirani au jamaa, makazi yake upande wa mawio ya jua. Mteja hujijazia jina mwenyewe, na jina analolijaza mara nyingi ni la mtu ambaye tayari ana ugomvi naye.

Ugomvi wa nini? Chunguza kesi hizi na mara nyingi utakuta shamba. Mwanamke wa Kisukuma aliyetolewa ng'ombe za mahari huhamia kwa mumewe. Hapo ni mgeni, hata akikaa miaka 40. Mume akifa, yeye amekalia ardhi ambayo mashemeji na wakati mwingine wanawe wa kambo wanaihesabu kuwa yao. Tangazo la sheria za mila la 1963 lilisema wazi kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mjane kijana hufukuzwa. Mjane mzee asiyekubali kufukuzwa huanza kuonekana mchawi.

Wajane wawili wa Shinyanga, wote vijana, walifukuzwa majumbani mwao na jamaa za waume zao, wakazipeleka kanuni hizo Mahakama Kuu. Hukumu ilitolewa mwaka 2006. Mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, ila ikakataa kuzifuta, ikieleza hofu kwamba kuzigusa ni kufungua sanduku la Pandora, kwa kuwa makabila yetu 120 na zaidi yana mila nyingi za namna hiyo. Wajane wakakata rufani, ikatupwa kwa sababu za kiufundi. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema kwamba Tanzania imezivunja haki zao.

Sijui kama waheshimiwa majaji walifikiri sana walipomtaja Pandora. Yeye ni mwanamke mwingine mbaya wa hadithi, huyu wa Wayunani. Mshairi Hesiod, miaka kama 2,700 iliyopita, alimsimulia kuwa mwanamke wa kwanza, aliyefunua chombo na kuyaachia maradhi na mabalaa yote duniani. Lakini chombo chenyewe hakikuwa sanduku. Kilikuwa mtungi mkubwa wa kuhifadhia nafaka na mafuta, na sanduku liliingia katika karne ya 16 kwa kosa la mfasiri. Jina Pandora lina maana ya zawadi zote, na wako wataalamu wanaoamini kwamba hapo kale zaidi alikuwa mama wa ardhi, mtoaji wa mazao. Mwenye ghala amegeuzwa mwenye balaa! Na wajane wetu, waliokuwa wakidai nyumba walizoishi, wakajibiwa kwa jina lake.

Kuna watakaosema mambo haya ni ya ushamba wa Kiafrika. Ulaya, tangu karne ya 15 hadi ya 18, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa kwa hukumu za mahakama kama wachawi, wengi wao wanawake. Ndugu Grimm wa Ujerumani walipochapa hadithi zao mwaka 1812, kikongwe wa msituni anayekula watoto tayari alikuwa na historia ndefu ya damu nyuma yake. Katika toleo hilo aliyetaka watoto watupwe msituni ni mama yao mzazi. Matoleo ya baadaye yakambadili kuwa mama wa kambo, maana haikufaa mama mzazi aonekane hivyo. Huko Uswisi mtumishi wa nyumbani Anna Göldi alikatwa kichwa mwaka 1782, akidaiwa kumtilia sindano mtoto wa tajiri wake. Bunge la jimbo la Glarus lilimsafisha jina mwaka 2008, miaka 226 baadaye.

Kwenye dhahabu mambo yana sura nyingine, lakini mwanamke bado yumo. Katika machimbo mengi ya wachimbaji wadogo, Geita na Kahama, ulikuwako mwiko kwamba mwanamke asikaribie duara, hasa akiwa katika siku zake, ati dhahabu itakimbia. Wakati huo huo ni mwanamke anayepika, anayetwanga mawe, anayeosha mchanga. Duara likikosa dhahabu mtu hatafuti kosa katika mwamba. Anakwenda kwa mganga, yule yule mwenye kuku. Ni katika ukanda huu huu kwamba kuanzia 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya dawa za utajiri, hata Waziri Mkuu Mizengo Pinda akazifuta leseni za waganga wa jadi mnamo Januari 2009. Uvumi wa kwamba mwili wa mtu fulani una bahati, na ule wa kwamba jicho la mtu fulani lina mkosi, yote miwili inalipwa katika kibanda kimoja.

Sisemi hadithi zitupwe. Ningesikitika sana mtoto wa Kahama akikua bila kumjua Shing'weng'we. Ninachoomba kwa walimu, na kwa bibi na babu mnaosimulia bado, ni kwamba hadithi isimuliwe yote. Wengi siku hizi, kwa haraka ya kumaliza, huishia pale watu wanapotoka tumboni na vigelegele vinapigwa. Wengine humtaja bibi kizee na ulozi wake, wakaiacha dawa. Hadithi waliyotuachia wazee inasema watu walimtawaza Masala Kulangwa baada ya sikio kupona. Ilichukua muda gani kupona haisemwi. Nahisi ilikuwa siku nyingi, maana sikio si kidole.

Bibi yangu alifia kitandani kwake, kwa uzee, macho yakiwa mekundu vile vile. Alikuwa na wajukuu wengi wa kiume waliokaa jirani, na shamba lake halikuwa na mdai. Wanawake wawili wa rika lake, niliowajua kwa sura na kwa maandazi yao, hawakupata bahati hiyo.

Juma lijalo, afya ikiruhusu, tutawazungumzia wapiga ramli na namna wanavyolipwa.