Stendi ya kamera: Usihadaike na wepesi wake

USIKU wa kupamba, Magongo. Bi harusi alikuwa ndiyo kwanza anaingia ukumbini, akina mama wakasimama wote kwa pamoja, vigelegele vikarindima, na katika kule kusukumana mtu akaupiga kumbo mguu mmoja wa stendi ya kamera. Kumbo lenyewe halikuwa kubwa. Lakini stendi ile, iliyokuwa imevutwa hadi mwisho wa urefu wake, iliyumba kama mnazi wakati wa kusi, kipande cha plastiki kilichoishika kamera kikakatika, na kamera ikaanguka lenzi chini.

Mwenye kamera ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Chaani, Changamwe. Riziki yake ni kupiga picha na video katika shughuli za wanawake, mahali ambapo mpiga picha mwanamume haruhusiwi kuingia. Kamera aliinunua kwa mkopo wa chama, na alikuwa amebakiza miezi mitano kuumaliza.

"Kamera niliichagua mwezi mzima," alimwambia mwandishi wa makala haya, barazani kwake. "Stendi niliinunua kwa dakika tano, kwa sababu ilikuwa nyepesi."

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Zamani wateja ndio waliokwenda studioni, kama ile ya N.V. Parekh hapa Mombasa, na stendi haikuwa na haja ya kupanda gari. Siku hizi mpiga picha ndiye anayemfuata mteja, kwa hivyo anapofika dukani jambo la kwanza analofanya ni kuinyanyua stendi kwa mkono mmoja, akaiona nyepesi, akalipa.

Miguu kuwa mitatu si bahati mbaya. Ni hesabu ya mafiga: mawe matatu hutulia hata kama ardhi haiko sawa, ilhali kigoda cha miguu minne hupiga kelele kwenye sakafu yenye shimo. Lakini mafiga hayo nayo yana kipimo chake. Pima kwanza mzigo wako. Kamera ya kazi peke yake huweza kuwa na gramu 800, na lenzi ndefu ya kuvutia mbali kilo moja na nusu. Ongeza taa na maikrofoni, unakaribia kilo tatu. Tafuta basi stendi ambayo watengenezaji wanasema inabeba angalau maradufu ya hapo, yaani kilo sita.

Usiishie kusoma maandishi ya boksi. Ifungue stendi papo hapo dukani, ivute yote, uiegemee kwa kiganja. Miguu ikijipinda au klipu zikiteleza, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Kisha shika kichwa chake ukizungushe kwa nguvu kidogo. Kama miguu inafuata, achana nayo. Na mimi ningekitazama zaidi kile kibati cha juu chenye skrubu ya robo inchi kinachofungwa chini ya kamera. Kiwe cha chuma, na uulize kama cha akiba kinapatikana, maana kikipotea stendi nzima huwa fimbo tu.

Kadhalika, itazame nguzo ya katikati. Wengi huivuta kwanza kwa kuwa ni rahisi, kumbe ukiivuta juu umeigeuza miguu mitatu kuwa mguu mmoja. Vuta miguu kwanza, ukianzia vipande vinene. Nguzo iwe ya mwisho, ukishindwa kabisa.

Kwa wenye darubini mambo ni magumu zaidi. Wapo wanaotoka huku Mombasa kwenda hori ya Mida, karibu na Watamu, kutazama ndege wa pwani wanaotoka Ulaya na Asia na kukaa kwetu hadi mwezi wa nne hivi. Darubini za jicho moja wanazotumia aghalabu hukuza kuanzia mara 20 hadi mara 60. Sasa fikiri, msomaji: darubini ikikuza ndege mara 40, mtikisiko nao umekuzwa mara 40. Upepo mdogo tu unamfanya ndege acheze chakacha. Stendi ya darubini ifike usawa wa jicho bila kuvuta nguzo, na kichwa chake kiwe na mpini wa kusukuma juu, chini na pembeni. Kichwa cha gololi, kinachofaa picha za kawaida, hapo kitakusumbua. Upepo ukizidi, ning'iniza mkoba chini ya nguzo, lakini uguse ardhi, la sivyo utabembea na kuitikisa stendi.

Ama kuhusu kubebeka, kumbuka matatu ya Chaani na msongamano wa feri ya Likoni. Stendi inayokunjwa hadi sentimita 50 hivi hukaa mapajani. Ya sentimita 70 itagombana na makanga. Zile zenye miguu ya vipande vitano hukunjika zaidi, ila kipande cha mwisho huwa chembamba kama penseli. Miguu ya nyuzi za kaboni ni myepesi na hupunguza mtetemo, lakini bei yake ni kali. Kwa maoni yangu, mtu wa kipato cha kawaida achukue alumini ya kilo mbili, pesa zinazobaki aziweke kwenye kichwa.

Ukitoka ufuoni, suuza miguu kwa maji matamu, ipanguse, iache wazi ikauke. Chumvi hula alumini, mchanga hula vifungio. Ukisimama majini, hapo tu vuta kipande cha chini kwanza, ili vifungio vibaki juu ya maji.

Mama yule sasa ana stendi ya mtumba, ya chuma, nzito kiasi kwamba mwanawe ndiye humsaidia kuibeba hadi kituoni. Ukumbini huomba viti viwili vitupu na kuviweka mbele ya miguu yake. Akina mama wakisimama, huvigonga viti kwanza.