Kusimama na Kulala: Istilahi za Waipa ya Gari

Mwaka jana, wakati wa masika, nililetewa karatasi moja kutoka Tanga ili niitolee maoni. Ilikuwa ni agizo la vipuri lililoandikwa na karani wa karakana, naye alitaka apelekewe "swichi ya maegesho" ya lori dogo. Kipuri kilipofika kikaonekana kuwa ni swichi ya breki ya mkono, ile iwashayo taa nyekundu mbele ya dereva. Kumbe kilichohitajika ni swichi iliyomo ndani ya mota ya waipa. Karani hakuwa mzembe. Alifungua kitabu cha matengenezo kilichofasiriwa kwa Kiswahili, akanakili neno alilolikuta humo. Lori likakaa bila kazi kwa muda wa wiki mbili, na mvua ikinyesha.

Chanzo cha kosa hili ni neno moja la Kiingereza litumikalo kwa mambo mawili. Waingereza hulitumia kwa gari linapowekwa kando ya njia, na hulitumia vile vile kwa waipa inaporudi mahali pake baada ya kuzimwa. Mfasiri aliyezoea "kuegesha" kwa maana ya kwanza huliandika pia kwa maana ya pili, na hapo msomaji hupelekwa kwenye breki na taa za gari lililosimama. Wapo pia wapendeleao "kupaki". Neno hili lina ila ya pekee katika ukanushi. Ukiandika kwamba waipa haipaki, msomaji aweza kufahamu kwamba haipaki tope juu ya kioo, jambo ambalo si ubovu hata kidogo, bali ni sifa njema ya waipa.

Mafundi niliowauliza mjini Tanga hawakutumia hata moja kati ya maneno hayo. Walisema tu: "Waipa hailali." Ili tuone kwa nini usemi huu unafaa kuingizwa katika vitabu, yatupasa kwanza kukitazama chombo chenyewe.

Mary Anderson wa Marekani alipewa hataza ya waipa mwaka 1903. Waipa yake iliendeshwa kwa mkono kutoka ndani ya gari, na yule aliyeiendesha ndiye aliyeirudisha mahali pake; hapakuwa na haja ya istilahi. Haja ilikuja pamoja na mota ya umeme. Dereva huzima swichi wakati wowote, na huenda waipa wakati huo iko katikati ya kioo. Kama umeme ungekatika papo hapo, waipa ingesimama mbele ya macho yake. Kwa hiyo mota ilipewa njia ya pili ya umeme, ambayo haikatwi na dereva.

Njia hiyo hupitia katika kisahani cha shaba kilicho kwenye gia ya mota. Kisahani kina pengo, na juu yake hutambaa ndimi za chuma. Ulimi unapokuwa juu ya shaba, umeme huendelea kupita hata kama dereva amekwisha zima, na mota huendelea kuzunguka. Ulimi ufikapo kwenye pengo, umeme hukatika. Lakini mota iliyo katika mwendo haikubali kusimama mara moja. Ingepita kidogo, ulimi ungegusa shaba tena, na safari ingeanza upya. Ndiyo sababu, katika mota nyingi, pale pale penye pengo mota huunganishwa na arthi. Mota izungukayo hugeuka kwa nukta moja kuwa kama jenereta, na umeme iuzaao hupita katika njia hiyo fupi na kuizuia yenyewe. Katika baadhi ya magari ya siku hizi kompyuta husimamia kazi hii, ila kusudio ni lile lile.

Sasa tunaweza kuzipambanua kasoro ambazo dereva huzijumlisha kwa kusema "waipa mbovu". Ya kwanza ni waipa isimamayo bila kulala. Ukizima, hukwama popote ilipo. Hapa mota ni nzima, kwani ilikuwa ikifanya kazi. Kilichokosekana ni ile njia ya pili. Fundi huwasha ufunguo wa gari, huacha swichi ya waipa ikiwa imezimwa, kisha hupima kwa taa ya majaribio waya uletao umeme kwenye kisahani. Taa isipowaka, atafute fyuzi iliyoungua au waya uliokatika. Ikiwaka, aifungue mota na kuzitazama ndimi. Katika miji ya pwani, kama Tanga na Pangani, hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi pamoja na unyevu hula shaba na kuacha kutu ya kijani. Mara nyingi kusafisha kwa msasa laini na kutia grisi mpya hutosha, wala hapana haja ya kuagiza chochote.

Ya pili ni waipa isiyolala wala kusimama: dereva amezima nayo yaendelea. Huenda ndimi zimejipinda zisilifikie pengo, au rilei imegandamana, au arthi haishiki na mota haipati kizuizi chake.

Ya tatu ni waipa ilalayo pasipo pake. Hii si kasoro ya umeme. Aghalabu mtu aliufungua mkono wa waipa akaurudisha kwa kukisia, na meno madogo ya mhimili hayakukutana kama yalivyokuwa. Utaratibu ni kuiacha mota ilale kwanza, ndipo mkono ufungwe. Na mtu asitie vidole kati ya vyuma vya waipa kabla ya kuiondoa betri, kwa sababu mota itafutayo mahali pa kulala haimngojei fundi.

Msomaji ataona kwamba kasoro hizi tatu zatofautishwa na vitenzi viwili tu, kusimama na kulala. Kuegesha hakuwezi kazi hiyo, maana gari lililoegeshwa ni gari lililosimama. Nilipata kufikiria "kutua", neno lenye heshima yake pwani, ambako mabaharia hutua tanga na wachukuzi hutua mizigo. Lakini kutua huonyesha kushuka, na hapo ndipo liliponishinda. Katika mabasi mengine waipa hupumzika wima pembeni mwa kioo. Mbishi atauliza, je, kitu kilicho wima chaweza kulala? Popo hulala akining'inia, na hakuna aliyepata kumkosoa.

Kwa hiyo napendekeza kwa wafasiri na walimu wa ufundi: waipa hulala, mota huilaza, na kile kipuri kilichopotea njia kiitwe "swichi ya kulazia waipa", kwa ukamilifu wake, hasa katika maagizo ya serikali. Mahali penyewe paitwe "mahali pa kulala". Mwenzetu mmoja alitoa rai ya "malazi ya waipa". Tulicheka, tukaiweka kando. "Mlalo" nalo lingefaa kwa ufupi wake, ila limekwisha ajiriwa katika jiometria.

Lipo moja ambalo halijanitulia. Chuma kifupi kinachofungwa kwenye mota na kuyageuza mazunguko yake kuwa mwendo wa kwenda na kurudi, wengine hukiita mkono, jina ambalo tumekwisha lipa chuma kinachoshika mpira wa kufutia. Wasomaji walio karibu na karakana za Muheza, Pangani au Mombasa wanaombwa watuandikie jina wanalolisikia huko.