Nani Alipie Kukausha Mahindi?

Novemba 2019, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa mpigo: Dola, Kifaru, Starehe, 210 Two Ten na Jembe. Vipimo vilionyesha sumukuvu iliyopita kiwango. Januari iliyofuata chapa nyingine 17 ziliingia kwenye orodha hiyo, na mapema 2019 siagi ya karanga nayo ilikuwa imeonja joto la jiwe. Wenye viwanda walihaha, wenye maduka wakaondoa pakiti rafuni, na baada ya muda baadhi ya chapa zikarudi sokoni.

Mama wa nyumbani aliyeogopa pakiti alibakiwa na njia moja rahisi: anunue mahindi ya debe sokoni, ayapeleke kwenye mashine ya kusaga ya mtaani. Huko hakuna maabara, hakuna namba ya toleo, hakuna wa kupigiwa simu. Hofu ya chakula ina tabia hiyo. Humwandama mwenye jina, kwa kuwa ndiye anayeweza kutajwa kwenye taarifa ya habari, na humwacha asiye na jina aendelee na biashara yake.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu, hasa aina ya Aspergillus flavus, ambao hupenda mahindi na karanga zilizopata ukame shambani kisha zikakutana na unyevu ghalani. Sumu yenyewe haionekani kwa macho na haina ladha ya kumshtua mlaji. Moto wa jikoni hauimalizi: sufuria ya ugali huchemka kwenye nyuzi 100 hivi, wakati sumu hii huhimili joto la zaidi ya nyuzi 200. Kiwango cha juu kinachokubalika Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni. Kwa lori la tani 30, hiyo ni gramu 0.3 tu ya sumu katika mzigo mzima, na mara nyingi sumu hiyo haikusambaa, bali imejificha kwenye punje chache ndani ya magunia machache.

Ndiyo maana upimaji ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Lori likifika getini kwa msagaji mkubwa, mpimaji hupanda juu na bambo lake, huchoma gunia hili na lile, hukusanya punje kwenye ndoo, huzichanganya, huzisaga na kuzipeleka maabara. Bambo likikosa gunia baya, mzigo unapita. Likiligusa, mzigo wote unakataliwa. Na lori lililokataliwa linakwenda wapi? Dereva harudi kijijini na tani 30. Atatafuta mnunuzi asiye na maabara, na wanunuzi wa namna hiyo hawajawahi kuadimika.

Walioumia zaidi hawakula unga wa pakiti. Mwaka 1981 watu 12 walikufa Machakos, Kenya. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani ziliandikisha wagonjwa 317, na 125 kati yao wakafariki; sampuli moja ya mahindi ilifikia sehemu 4,400 kwa bilioni. Tanzania ilipata pigo lake 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Katika mkasa wa 2004, mzizi ulikuwa mahindi ya wakulima wenyewe, yaliyovunwa mabichi na kurundikwa ndani ya nyumba, kisha mengine yakapenya hadi madukani.

Kwa nini mtu arundike mahindi mabichi? Wanaosema ni ujinga hawajapiga hesabu. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa mpaka asilimia 13.5 inayotakiwa na viwango vya kanda, linabaki kilo 92 na nusu. Kilo saba na nusu zimeruka na jua. Mkulima amenunua au kuazima turubai, amegeuza nafaka siku kadhaa, amefukuza kuku na kuwahi mvua, halafu mizani inamwambia ana mzigo mdogo kuliko wa jirani yake aliyeuza na maji yake. Mnunuzi wa shambani analipa kwa kilo. Hupima ukavu kwa kutafuna punje moja au kuingiza mkono kwenye gunia, na mara nyingi bei haibadiliki kwa asilimia moja au mbili za unyevu. Adhabu ya kukausha inamwangukia anayekausha.

Kipimo cha bei rahisi kipo, na maafisa ugani wamekifundisha kwa miaka: chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi. Kinachokosekana ni mtu wa kulipa zaidi kwa chupa ambayo chumvi haikuganda.

Ndani ya kiwanda kuna mchezo mwingine wa hesabu. Sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, hivyo kukoboa hupunguza mno kiasi kinachobaki kwenye sembe. Anayekula dona, aliyeambiwa kwa haki kwamba lina virutubisho zaidi, anakula na ganda lote. Pumba nazo hazitupwi. Huuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo, ng'ombe huzila, na sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa. Unga wa lishe wa watoto unastahili macho makali zaidi, kwa kuwa mara nyingi huchanganya mahindi na karanga, mazao mawili yanayoshambuliwa kuliko mengi.

Mpakani, sumukuvu imekuwa pia suala la biashara na siasa. Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliandika barua kusimamisha uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda. Malori yakapanga foleni Namanga. Siku tano baadaye zuio liliondolewa, na masharti yakawekwa mahali pake: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumu haizidi kiwango, maghala yajulikane. Kampuni kubwa zina makarani wa kushughulikia hayo. Mfanyabiashara mwenye fuso moja hana, na kwake njia ya panya haidai cheti. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Sudan Kusini kuzuia malori ya unga kutoka Uganda.

Dawa zipo sokoni. Mifuko ya Kinga Njaa isiyopitisha hewa huzuia kuvu kuendelea kukua, mradi nafaka iwe imekauka kabla ya kufungwa. Bei yake ni mara kadhaa ya gunia la kawaida. Kuna Aflasafe, mtama uliobebeshwa kuvu wasiotoa sumu, unaomwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua, kilo 10 kwa hekta, ili kuvu hao wawahi nafasi ya wale wabaya. Katika majaribio, sumu imepungua kwa asilimia 80 na zaidi. Kenya ina kiwanda chake Katumani, Machakos, chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Tanzania, kupitia mradi wake wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, imejenga kituo cha kushughulikia mazao baada ya mavuno huko Mtanana, Kongwa, wilaya ileile yenye soko kubwa la mahindi la Kibaigwa.

Lakini Aflasafe haiongezi mavuno hata kwa debe moja. Mkulima anayeuza kwa kilo anainunua ili amlinde mlaji asiyemjua. Nigeria walilikabili tatizo hilo moja kwa moja: mpango wa AgResults uliwalipa waliokusanya wakulima dola 18.75 za ziada kwa kila tani ya mahindi yaliyotiwa Aflasafe, na watengenezaji wa chakula cha kuku wakawa miongoni mwa wanunuzi, kwa sababu kuku aliyekula sumu hukonda na hasara yake inaonekana kwenye vitabu ndani ya wiki chache. Wasagaji wa Nairobi na Dar es Salaam, wanaolipia maabara na kukataa malori, tayari wanatumia fedha kwa ajili ya sumukuvu. Wanazitumia getini, miezi kadhaa baada ya turubai kuhitajika.