Goma: Diploma ya siasa, deni la familia

Mtaani Ndosho, komine ya Karisimbi, wazazi wengi hulipa minervali ya chuo kikuu kwa pesa za soko, likelemba na mikopo ya majirani. Kongo haina bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi.

Aliyesoma sayansi ya siasa hutazamia mshahara wa serikali, wa shirika la misaada au wa ualimu. Lakini M23 ilipoingia Goma Januari 2025, benki zilifunga. Mwaka huohuo Marekani ilikata misaada, na mashirika yakapunguza wafanyakazi. Walimu wapya, wanaoitwa N.U., hufundisha miaka kadhaa wakingoja serikali iwalipe. Ndipo mwenye diploma huonekana kwenye pikipiki ya taksi.

Nchini Tanzania, bodi ya mikopo ya HESLB hukata asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu aliyeajiriwa: deni hufuata mshahara. Ndosho, mdai ni jirani, na zamu ya likelemba haingoji mtoto apate kazi.

Basi kabla ya kujiandikisha, familia ihesabu miaka 3 yote ya lisansi, si mwaka wa kwanza tu, na ijiulize: serikali isipoita, deni litalipwa na kazi gani?