Mwandishi Alisimama Wapi Vita Vilipopamba Moto?

Habari za mashambulizi makubwa hutufikia zikiwa na ramani na namba: jeshi limesonga mbele, mji umeanguka, maelfu wamekimbia. Msomaji hudhani mwandishi ameviona vita vyote. Hakuna aliyewahi kuviona. Mwandishi huona pale aliposimama tu, na mengine huyapata kwa makamanda, majeruhi na wakimbizi. Kazi ya Samuel Wilkeson, mwandishi wa habari wa Marekani mzaliwa wa Buffalo, inalionyesha jambo hili waziwazi.

Oktoba 1861, miezi sita baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuzuka Marekani, Wilkeson wa gazeti la New York Tribune alifika Louisville, Kentucky, pamoja na Waziri wa Vita, Simon Cameron. Katika chumba cha hoteli ya Galt House, waziri akiwa amejilaza kitandani, Jenerali William Sherman wa jeshi la Kaskazini alitakiwa kueleza hali ya jimbo hilo. Sherman alisita kusema mbele ya watu; Cameron akamtuliza kwamba wote waliomo ni marafiki. Ndipo akasema kwamba kuulinda upande wake kunahitaji askari 60,000, na kushambulia mpaka kushinda kunahitaji 200,000. Kabla mwezi haujaisha, Tribune lilikuwa limeyachapa. Watu wakashangaa, na Desemba gazeti moja la Cincinnati likatangaza kwamba jenerali ana wazimu. Namba ilisafiri, hesabu iliyoizaa ikaachwa nyuma: Sherman alikuwa na askari wapatao 18,000 tu kwenye mpaka wa zaidi ya maili 300. Baadaye ilionekana hakuwa amezidisha: vita vilipokwisha mwaka 1865, zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wamelitumikia jeshi la Kaskazini.

Julai 1863 Wilkeson, sasa akiliandikia New York Times, alifika Gettysburg, Pennsylvania, kulikopiganwa kwa siku tatu, akakuta mwanawe amefariki. Luteni Bayard Wilkeson, kijana wa miaka 19, aliongoza kikosi cha mizinga siku ya kwanza ya mapigano. Kombora lilimvunja mguu, akafia katika jengo lililokimbiwa na madaktari. Baba aliandika akiwa kando ya maiti, na tangu sentensi za kwanza aliwaambia wasomaji hivyo. Hakuficha pia kwamba kikosi cha kijana kilipelekwa mahali kisipostahili kupelekwa.

Kisha akasimulia Julai 3, siku ya tatu, kutoka uani kwa nyumba ndogo ya makao makuu ya Jenerali Meade, kamanda wa jeshi la Kaskazini hapo. Ndege alikuwa akiimba kwenye mpichi. Kombora likapita juu ya paa, likafuata la pili, la tatu, na farasi waliofungwa nje wakauawa papo hapo. Katika siku tatu majeshi mawili yalipoteza watu wapatao 51,000, kwa kufa, kujeruhiwa, kutekwa au kutoweka. Wilkeson alituonyesha ua mmoja, na kwa kuwa alitueleza yuko wapi na amefiwa na nani, tunajua tuuamini ushahidi wake kwa kiasi gani.

Mwandishi hubanwa pia na walio nyuma yake. Huko Columbus, Ohio, Samuel Medary alichapisha The Crisis, gazeti lililopinga vita. Usiku mmoja wa Machi 1863, askari kutoka Camp Chase waliivamia ofisi yake na kuiharibu. Medary hakuacha kuchapisha, lakini kila mhariri aliyesikia habari ile alijua gharama ya kwenda kinyume.

Leo miji ya Buffalo, Louisville na Columbus ina Wakongo na Waafrika Mashariki wengi wanaofuatilia vita vya nyumbani kwa Kiswahili. Waasi wa M23 walipoingia Goma, mashariki mwa Kongo, Januari 2025, habari ziliwafikia simuni kabla hata jamaa zao hawajapatikana. Kabla ya kuituma habari kwenye kundi la WhatsApp, tuulize: mwandishi alikuwa wapi? Namba hii ameipata kwa nani, na huyo ana faida gani ikiaminiwa? Ni nani hakuruhusiwa kusema? Habari isiyojibu hata swali moja kati ya hayo isisambazwe, hata kama inausifu upande wetu.