Moto wa Kiangazi Huamuliwa Wakati wa Masika

Kata ya Kwakoa, wilayani Mwanga, ipo kwenye tambarare kavu iliyo mashariki ya milima ya Upare Kaskazini. Juu yake, upande wa Usangi, upo msitu wa Kindoroko, uliohifadhiwa kisheria kwa sababu ndio unaotunza maji ya watu wa mlimani na wa bondeni. Mtu akiupa mlima mgongo, mbele yake hutandaa nyika inayoendelea kuelekea Ziwa Jipe, mpaka wa Kenya na Hifadhi ya Taifa Mkomazi. Jina la Mkomazi, kwa maelezo ya wenyeji, limetokana na maneno mawili ya Kipare: mko, yaani kijiko, na mazi, yaani maji. Ni nchi ambayo maji yake hujaza kijiko, wala si mtungi. Katika nchi ya namna hiyo nyasi zilizoota kwa mvua ya masika huwa kuni kamili kabla ya Agosti kwisha.

Ardhi hii ina wenyewe wengi. Hifadhi ya Taifa ipo chini ya TANAPA. Misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ardhi ya kijiji ipo chini ya halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na ndani yake yamo mashamba, malisho na vichaka ambavyo kila mtu ana desturi zake juu yake. Moto ukianza katika shamba linaloandaliwa kwa msimu, au katika mwenge wa mrina asali, hauulizi umevuka mpaka wa nani. Lakini watu wanaopaswa kuuzima huuliza, na kuuliza huko hula saa nzima ambayo moto haukuipoteza.

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini jarida la afya lijishughulishe na nyasi. Jibu ni kwamba mgonjwa wa pumu anayefikishwa zahanati usiku wa Septemba akihema kwa shida, huku moshi umelala bondeni, kwa sehemu kubwa ni matokeo ya uamuzi uliofanywa, au ulioachwa kufanywa, miezi minne iliyotangulia. Waliofanya uamuzi huo ni watu wa misitu, wanyamapori na serikali ya kijiji. Mganga kwa kawaida hakuwapo, wala hakuitwa, na pengine naye hakuona sababu ya kuomba kuitwa. Kasoro hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia.

Kwanza tuondoe dhana kwamba kila moto wa nyika ni adui. Nyika za Afrika Mashariki zimeungua na kuota tena tangu zamani sana, na wafugaji wamechoma nyasi kuukuu ili kupata chipukizi na kupunguza kupe. Nyasi huondoka kwa njia tatu tu: huliwa, huoza au huungua. Mahali pakavu kuoza ni kwa polepole mno; kwa hiyo mifugo na wanyamapori wakipungua, kinachobaki kinaungoja moto. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na mwaka 1988 wafugaji waliokuwamo wakaondolewa. Ubishi juu ya haki ya uamuzi huo ni mrefu na hatuuingii hapa, ila jambo moja la kimaumbile halina ubishi: ng’ombe anapoondoka, majani aliyokuwa akiyala hubaki yamesimama.

Marekani ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1935 idara yake ya misitu iliweka kanuni kwamba kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata tangu uonekane. Kwa miaka mingi kanuni hiyo ilionekana kuwa ushindi. Lakini kuni ambazo mioto midogo ingezipunguza zilirundikana chini ya miti, na mioto iliyokuja baadaye ikawa mikubwa kuliko nguvu za wazimaji. Mnamo 1978 kanuni hiyo iliachwa. Tangu hapo swali la msimamizi limekuwa ni moto upi uzimwe, upi uachwe ukiangaliwa, na upi uwashwe kwa makusudi.

Kuwasha kwa makusudi ndiko tunakokuita uchomaji wa mapema. Hufanywa mwanzoni mwa kiangazi, masika yakiisha, nyasi zikiwa zimeanza kukauka juu huku chini zingali na unyevu. Moto wa wakati huo huenda kwa mwendo wa mtu, huacha viraka visivyoungua, na jioni umande unaposhuka mara nyingi hufifia. Viraka vilivyokwisha kuungua ndivyo vitakavyousimamisha moto kichaa wa Septemba. Lakini dawa hii si ya kila mahali. Katika msitu wenye unyevu kama wa Kindoroko moto hauna kazi yoyote njema. Huko kinachotakiwa ni barabara za kinga moto pembezoni, na mashamba ya jirani yaandaliwe bila kuchomwa. Vichaka vya tambarare navyo vikichomwa kila mwaka huchoka. Ni kama dawa nyingine zote: mahali, kipimo na wakati.

Sasa tuutazame moshi. Unaoonekana kwa macho ni majivu na masizi makubwa, na hayo hunaswa puani na kooni. Madhara makubwa zaidi hutokana na chembechembe ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5, ambazo hupita kila kizuizi hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Zilizo ndogo zaidi huweza kuingia hata katika damu. Huchochea uvimbe, hubana njia za hewa, na kwa mwenye maradhi ya moyo huongeza hatari ya shambulio. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kiasi chake hewani kwa saa 24 kisizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo. Karibu na nyika inayoungua kiasi hicho huzidiwa mara nyingi. Pamoja nazo hutoka gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mzimaji anayelalamika kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu asidhaniwe kuwa na njaa tu. Atolewe kwenye moshi mara moja.

Kuna mambo mawili ambayo watu wa mabondeni wanapaswa kuyafahamu kuliko wengine. La kwanza, usiku hewa baridi huteremka kutoka mlimani na kutulia chini, na moshi hutulia pamoja nayo. Moto uliokuwa mbali mchana huweza kuwa tatizo la pumzi alfajiri, hata kama miali yake haionekani tena. La pili, moshi wa nyika hauingii katika nyumba isiyo na moshi. Mama anayepikia kuni juu ya mafiga, na mtoto aliye mgongoni mwake, wamekwisha kuvuta sehemu yao kabla nyika haijaungua. Kumwambia mama huyo abaki ndani na afunge madirisha, huku jiko lenyewe likiwa ndani, ni kumpa ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine. Ushauri unaomfaa ni apikie nje siku ambazo moshi wa nyika haujafika, na siku ulipofika apike mara moja tu kwa siku, au ahamishie watoto, wazee na wajawazito kwa jirani aliye mbali na mkondo wa moshi. Kitambaa kilicholoweshwa hupunguza masizi na joto puani, lakini chembechembe laini hakizizuii.

Kwa hiyo anayepinga uchomaji wa mapema kwa kuwa unaleta moshi hajakosea. Ila hachagui kati ya moshi na hewa safi. Anachagua kati ya moshi wa Juni, wa siku moja au mbili, uliotangazwa, katika upepo uliopimwa, na moshi wa Septemba au Oktoba usiojua kuaga. Kwa maoni yetu moshi wa Juni ni afadhali, kwa sharti moja: zahanati ijulishwe siku kadhaa kabla. Taarifa hiyo humwezesha mganga mfawidhi kuhakikisha dawa ya kupuliza ya pumu ipo, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kuzipitia nyumba anazozijua. Siku ya kuchoma ikiwa ya upepo unaoelekea makazi, au ikiangukia mlipuko wa homa ya kifua kwa watoto, iahirishwe. Nyasi hazitakimbia.

Wapo pia wanaokwenda kuuzima. Oktoba 2020 moto ulipozuka Mlima Kilimanjaro, ukiunguza takriban kilomita za mraba 95, mamia ya watu walipanda kuukabili, wakiwamo wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka na wanavijiji wa kujitolea. Silaha kubwa ilikuwa matawi mabichi na majembe. Upareni moyo huo una jina lake la kale, msaragambo, kazi ya pamoja iliyochimba mifereji na kujenga ndiva za kuhifadhia maji ya kumwagilia. Ni urithi wa thamani, lakini msaragambo wa mfereji na wa moto haufanani. Mfereji haumkimbizi mtu. Moto hupanda mteremko kwa kasi kuliko unavyosambaa tambarare, na wataalamu hukadiria kwamba kasi hiyo huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinuko. Agosti 1949, katika korongo la Mann Gulch, Montana, vijana 13 wenye mafunzo walikufa walipokuwa wakiukimbia moto wa nyasi kwa kupanda mlima.

Kutokana na misiba ya aina hiyo wazimaji wa Marekani walijiwekea mambo manne ambayo kijiji chochote kinaweza kuyatimiza bila fedha: awepo mtu mmoja asiyezima, kazi yake kutazama tu, wote waweze kusikiana, kila mmoja ajue njia ya kutokea, na njia hiyo iishie mahali salama, ambapo mara nyingi ni eneo lililokwisha kuungua. Tunaongeza la tano la kidaktari: mwenye pumu, mjamzito, mwenye maradhi ya moyo na mtoto wasiende mstari wa mbele hata wakitaka.

Tuseme ni saa nane mchana, mwisho wa Septemba, na moshi umeonekana nyikani. Mwenyekiti wa kijiji anapaswa kujua mambo machache kwa haraka: moto upo katika ardhi ya nani, upepo unakwenda wapi, ni nini kilicho mbele yake, na nani apigiwe simu baada ya 114 ya Zimamoto. Ikiwa mbele yake lipo eneo lililochomwa Juni, huenda uamuzi bora ni kuulinda mpaka wa mashamba na kuuacha ufike hapo uishe wenyewe. Ikiwa mbele yake upo mteremko wa msitu au nyumba, kila dakika ni mali. Tofauti hiyo haiwezi kufikiriwa vizuri na mtu anayehema, kelele zikiwa pande zote. Ni lazima iwe imeandikwa. Mtu akiungua, sehemu hiyo ipozwe kwa maji safi yatiririkayo, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20, ifunikwe kwa kitambaa safi, na apelekwe zahanati bila kupakwa samli, dawa ya meno wala majivu.

Vyombo vya kuandikia mpango huo vipo tayari. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka masharti ya kuwasha moto, vijiji vina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kinachosalia ni kikao kimoja cha mwezi Mei, nyasi zingali mbichi: askari wa uhifadhi wa Mkomazi, ofisa wa TFS, wenyeviti wa vijiji, wafugaji, warina asali, na mganga mfawidhi akiwa na rejista yake ya wagonjwa wa kifua, idadi tu na vitongoji wanakotoka bila majina, ili wote waone juu ya ramani moja mahali nyasi zilipo nyingi na mahali mapafu yalipo dhaifu.